Karatasi Isiyorudi

Zikiwa zimebaki dakika kumi mhadhara wa mwisho wa semesta uishe, CR wetu, yaani mwakilishi wa darasa, alipita kati ya viti akigawa fomu za tathmini ya ufundishaji. Mhadhiri alikuwa ameshatoka, maana ndio utaratibu, na kupitia dirishani tulimwona amesimama chini ya mwarobaini akijifanya anasoma simu. Maswali yalikuwa kumi na tano. Mwalimu anafika kwa wakati? Anaimudu mada yake? Anatumia zana za kufundishia? Weka alama ya vema, kuanzia moja hadi tano. Jirani yangu alishuka na nne, nne, nne mpaka chini bila kuinua kichwa, akamkabidhi CR fomu, akaninong'oneza tuwahi kantini kabla wali haujaisha. Mimi pia niliweka nne. Lipo swali moja ambalo ningelijibu kwa moyo, na halikuwemo: kazi uliyoandika ilirudi?

Yangu haikurudi. Kurasa kumi na mbili za mwandiko wa mkono, wiki tatu za kushinda maktaba, zilinirejea kama tarakimu kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya namba yangu ya usajili: 27 kati ya 40. Zile 13 zilipotelea wapi, sijui mpaka leo.

Fomu ya aina ile imejengwa juu ya dhana kwamba mwalimu mzuri wa chuo kikuu ni yule yule popote alipo, sifa zake zinajulikana, na kazi iliyobaki ni kumpa maksi. Kila ninaposoma jinsi wanafunzi wa zama na nchi nyingine walivyowapenda au kuwachukia walimu wao, naona dhana hiyo haishiki. Mwanafunzi humsifu mwalimu kwa kile ambacho kwake ni haba. Kilicho tele hakitaji kabisa, hata kiwe kizuri namna gani.

Tuanzie Bologna, mji wa Italia ambao chuo kikuu chake hujihesabia umri tangu 1088. Wanafunzi wa sheria wa pale hawakuwa watoto. Wengi walikuwa watu wazima waliotoka nchi za mbali, wakiishi ugenini bila haki za wenyeji, na walimu wao walikula ada ambazo wao wenyewe walizichanga. Basi wakaungana, wakachagua gombera, yaani mkuu wa chama chao, kutoka miongoni mwao, na walimu wakalazimika kuapa kumtii. Kanuni zao za mwaka 1317 zinachekesha na kutisha kwa pamoja. Mwalimu akichelewa kuanza kengele ikishalia, faini. Akiendelea kuongea baada ya kengele ya mwisho, faini. Kitabu cha sheria kiligawanywa vipande, kila kipande na siku zake, na mwalimu aliweka fedha za dhamana mapema ili akiachwa na ratiba akatwe humo humo. Hakuruhusiwa kuruka sura ngumu, wala kulisogeza swali gumu hadi mwisho wa kipindi akitumaini muda utamwokoa. Akitaka kutoka nje ya mji aliweka amana kuhakikisha kwamba atarudi. Akioa, alipewa siku moja. Na mhadhara wake wa kawaida ukikosa wasikilizaji watano, alihesabiwa kuwa siku hiyo hakufika kazini.

Hapo hakuna anayeuliza kama mwalimu ni mpole, ana ucheshi au anamjua mtu kwa jina. Wanachodai ni muda wao na sura zote za kitabu. Vitabu vilinakiliwa kwa mkono na viliuzwa ghali, na kila mwezi wa ugenini ulikuwa na pango lake na chakula chake. Muda ndio uliokuwa haba, wakauwekea walinzi. Walimu nao walikuwa na yao ya kusema. Odofredus, mwanasheria wa hapo katika karne ya 13, aliwaaga wanafunzi wake mwishoni mwa mwaka kwa kuwatangazia kwamba mwaka ujao hatatoa tena mihadhara ya ziada ya alasiri, kwa sababu kujua wanataka wote ila kulipa hataki mtu. Nguvu ya wanafunzi ilinyauka pale serikali ya mji ilipoanza kuwalipa walimu mshahara. Paris, ambako chama kilikuwa cha walimu, ndiko kulikoshinda: Oxford ilifuata mkondo huo, Uingereza ikausambaza, nasi tukaupokea kupitia London. Ndiyo maana ni mhadhiri anayenikata maksi nikichelewa, si mimi ninayemkata yeye.

Kwetu pwani neno lenyewe lina safari yake. Chuo katika Kiswahili cha zamani kilikuwa kitabu, na mwenye kuvijua vitabu akaitwa mwanachuoni. Kisha kikawa pahala mtoto anapopelekwa kusoma Kurani, na katika karne ya 20 tukakiongezea ukuu tukapata chuo kikuu. Hata kuhitimu, kabla ya joho na kofia ya pembe nne, kulikuwa ni kuumaliza msahafu. Ila elimu ya juu ya hapa, kabla hatujaletewa hii nyingine, ilikaa kwenye darsa. Baada ya sala ya Magharibi kitabu kinawekwa juu ya marfaa. Mwanafunzi anasoma sentensi ya Kiarabu kwa sauti. Akikosea irabu ya mwisho, sheikh anamkatiza, anamrudisha nyuma, kisha anaifasiri sentensi kwa Kiswahili neno kwa neno, anachomekea mfano wa mnada wa samaki au wa mirathi ya nyumba ya mtaa wa pili, na wanaendelea. Semesta hakuna. Kitabu kinakwisha kinapokwisha, na mwisho wake ni ijaza, yaani ruhusa ya kukifundisha, atoayo sheikh ambaye naye aliruhusiwa na fulani, aliyeruhusiwa na fulani. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, katika kitabu chake cha 1972 kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, anarudia kutuambia nani kasoma kwa nani na nani kasomeshwa naye. Ukoo wa elimu ndio wasifu wa mtu.

Humo mwalimu anathaminiwa kwa mnyororo aliomo na kwa mwenendo wake, kwa sababu hapana taasisi ya kumdhamini. Mwanafunzi anayemfuata sheikh mwenye kashfa anajichafulia ijaza yake mwenyewe. Lakini hata hapa uhaba una sauti. Habib Swaleh alipohamia Lamu kutoka Ngazija mwishoni mwa karne ya 19 na kuanza darsa zilizokuja kuwa Msikiti wa Riyadha, aliwakalisha mkekani watu ambao waungwana wa mji hawakuona kwa nini wasomeshwe: wageni, watu wa chini, watumwa na wazao wao. Baadhi ya wakubwa walinuna. Ukisikia wanavyomsimulia hadi leo, elimu yake inatajwa, naam, lakini kinachorudiwa ni mlango. Kwa wale waliokuwa nje, mlango ndio uliokuwa adimu.

Sitaki kuipamba darsa ikang'ara kuliko ilivyokuwa. Chuoni fimbo ilitembea, na katika darsa nyingi kumpinga sheikh mbele ya watu kulihesabiwa utovu wa adabu, hata kama kitabu kilikuwa upande wako. Faida yake, nadhani, ni moja ambayo watu wa vyuo vikuu wangeilipia: kosa lilisahihishwa papo hapo, kabla halijapoa mdomoni.

Mwaka 1900 mtu aliyetoka katika elimu hiyo alisimama mbele ya wanafunzi wa Berlin. Mtoro bin Mwinyi Bakari, wa Bagamoyo, aliajiriwa kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyofunguliwa 1887 kuwaandaa maofisa, wamisionari na wafanyabiashara waliokuwa wakienda ng'ambo. Kazi iligawanywa: Mjerumani anaeleza sarufi, mwenyeji wa lugha anawazoesha matamshi na mazungumzo. Katika Berlin ya wakati ule, sikio na ulimi wa Mswahili vilikuwa vitu adimu hasa, kwa hiyo kwa kipimo changu alipaswa kuwa mwalimu wa kuenziwa. Alithaminiwa, lakini kama ala. Nyingi ya habari zilizomo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka 1903 kwa jina la Mjerumani Carl Velten, zilitoka kwenye kalamu yake. Mwaka 1905 alipotaka kurudi kwao na mke wake Mjerumani, serikali ya kikoloni ilikataa wawili hao waishi huku kama mume na mke, akarejea Ujerumani, na huko akafia mwaka 1927. Kesi yake inanilazimisha kusema jambo ambalo fomu haiulizi: wanafunzi wanaweza kukitaka sana kitu cha mwalimu na wasimtake mwalimu mwenyewe.

Wajerumani kwa wanafunzi wao wenyewe walikuwa na mila nyingine. Tangu Chuo Kikuu cha Berlin kilipoanzishwa 1810 walijenga fikra kwamba profesa hafundishi yaliyokwisha kujulikana tu, bali anatafuta mapya huku wanafunzi wakimtazama. Mwanafunzi alikuwa huru kuhama kutoka chuo hadi chuo akimfuata profesa aliyemvutia, na msimamizi wa tasnifu huitwa baba wa udaktari mpaka leo. Mhadhara ukiisha hawapigi makofi. Wanagonga meza kwa vifundo vya vidole, ukumbi mzima, sauti kama mvua ya kwanza juu ya bati. Mswahili anayeingia darasa hilo kwa mara ya kwanza hudhani wamemkasirikia mtu.

Sasa twende Makerere, chuo kikuu cha Uganda, maana kuna nyumba moja ya Mombasa inayobeba mila mbili chini ya paa moja. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na mwanzilishi wa magazeti ya Sahifa na Al-Islah, alitarajia mwanawe Ali aende Al-Azhar, Misri, akawe mwanachuoni kama yeye. Sheikh alifariki 1947, kijana akiwa na miaka 14. Matokeo yake ya sekondari yakawa dhaifu kiasi kwamba Makerere ilimkataa. Alizunguka kupitia Huddersfield, Manchester, Columbia na Oxford, na mwaka 1963 akaingia Makerere ile ile kama mwalimu, akapanda hadi kuwa profesa na mkuu wa kitivo. Wanafunzi walijaza kumbi kumsikiliza. Walichokifuata kwake ni kitu ambacho darsa ya baba yake haikukiruhusu kirahisi: kubishana na mkubwa hadharani, kwa lugha ya kupendeza, na kutoka mzima. Uganda ikielekea kwenye utawala wa mtu mmoja, hoja isiyoogopa ilikuwa bidhaa haba. Chini ya Idi Amin ikawa haba kupita kiasi, na mwaka 1973 Mazrui akaondoka.

Mlimani, kwenye chuo kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wa miaka ile walimpenda mtu wa namna nyingine. Chuo kilikuwa kimeanza 1961 na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, shahada ikiwa ya London. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alifika 1966 akiwa na miaka 24, akaondoka, akarudi 1969 na kukaa hadi 1974. Kitabu chake cha jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972, na Tanzania Publishing House ilikuwa mmoja wa wachapishaji wake. Wanafunzi wa mrengo wa kushoto, waliokuwa na jarida lao la Cheche hadi lilipofungwa 1970, walikuwa na madarasa ya itikadi siku za Jumapili, yasiyo na mahudhurio wala maksi. Hebu fikiria: Jumapili, bila maksi, na watu wanakuja. Kilichokuwa haba kwao ni historia iliyosimuliwa kutoka upande wao wa bahari, na mwalimu aliyeamini kwamba ina kazi ya kufanya nje ya ukumbi. Mazrui na Rodney walikutana kwenye mdahalo Makerere mwaka 1970. Mmoja alipendwa kwa kutokuwa na kambi, mwingine kwa kuwa nayo. Fomu moja ingewapa wote wawili nne.

Fomu yenyewe ni ya Kimarekani. Katika miaka ya 1920 Hermann Remmers wa Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, alitengeneza kipimo cha wanafunzi kuwapima walimu, na kutoka hapo zikaenea. Nusu karne baadaye watafiti wa Southern California walimkodi mwigizaji, wakambatiza jina la Dokta Fox, wakamtungia mhadhara mtamu usio na maana yoyote, akautoa mbele ya wataalamu wa saikolojia na elimu. Wakamsifu. Matokeo yalichapishwa 1973 na bado yanachekwa. Mimi lililonigusa zaidi ni jaribio dogo la 2015, la wanafunzi takriban arobaini wa masomo ya mtandaoni. Walimu wasaidizi wawili, mwanamume na mwanamke, walibadilishana majina kwa baadhi ya makundi. Kazi zote zilirudishwa kwa muda ule ule. Lakini aliyeonekana kuwa na jina la kiume alipewa maksi za juu kwa kurudisha kazi mapema. Kwa hiyo hata swali langu, lile nililolililia, lingeingia kwenye fomu lingepotoshwa na jina lililo juu yake. Dada zetu wanaofundisha wanajua.

Oxford mwanafunzi hamsifu mwalimu kwa kumrudishia karatasi. Hana haja. Kila wiki yeye na mwenzake mmoja au wawili huketi chumbani kwa mwalimu na insha ikajadiliwa papo hapo, hoja kwa hoja. Malalamiko yao ni mengine kabisa.

Na sisi? Ukiwauliza wanafunzi wa vyuo vyetu leo, kwanza watakutajia mambo ya usalama: asiyekomoa, asiyetoa sup (mtihani wa marudio) kwa hasira, ambaye desa lake (noti zake) na mtihani vinafahamiana. Watu wazima hukunja uso wakisikia hayo, wakaona ni uvivu. Mimi siwalaumu. Mtu ambaye mkopo wake umechelewa, na ambaye akidisko, yaani akiondolewa chuoni kwa kufeli, anarudi kijijini na deni, anaona usalama ni haba kweli. Bologna nao walianzia kwenye kujilinda.

Wakishayazoea mazungumzo, husema la pili: lugha. Kuna mhadhiri mmoja wa takwimu ambaye hatukumwelewa kwa wiki nne, si kwa sababu hajui, bali Kiingereza chake na chetu vilipishana njiani. Alasiri moja, joto kali, feni moja haifanyi kazi, aliweka chaki chini, akapangusa mikono kwenye suruali, akasema: "Jamani, hii kitu maana yake ni hivi." Kalamu zilisimama. Vichwa vilivyokuwa vimelala kwenye mikono viliinuka safu baada ya safu, kuanzia mbele. Akaeleza wastani na mtawanyiko kwa bei za nyanya za sokoni, dakika saba, kwa Kiswahili. Kisha akatazama mlangoni kama mtu aliyefanya kosa, akaokota chaki, akarudi kwenye Kiingereza. Alichofanya ndicho sheikh wa darsa alichokuwa akifanya kila jioni bila kumtazama mtu mlangoni.

La tatu ni jicho. Wale 14 wa Lumumba hawakuwa na haja ya kuliomba, kwani mwalimu hakuwa na mwingine wa kumtazama. Ukumbi wa mamia hauna jicho. Najua hesabu zinavyokwenda: insha 300, dakika kumi kila moja, ni saa 50, na mhadhiri huyo ana kozi nyingine mbili, tasnifu za kusimamia na makala ya kuandika ili apandishwe cheo. Hakuna anayepandishwa cheo kwa kuandika pembezoni mwa karatasi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Hata hivyo mmoja aliniandikia. Mwaka wa pili, insha ya kurasa tano, ilirudi na kalamu ya risasi imepita kila ukurasa. Pembeni ya sentensi niliyoiona tamu kuliko zote aliandika maneno mawili: "Nani kasema?" Nilikasirika siku nzima. Jioni nilirudi maktaba kutafuta aliyesema, nikagundua hakuna, nilikuwa nimeisikia tu. Fomu ilipokuja nilimpa tano zote, hata kwenye zana za kufundishia, ambazo hakuwa nazo.

Enyi mnaotufundisha: 300 ni nyingi, hilo tumelielewa. Semesta hii rudisheni 30, za kura, kwa kalamu ya risasi. Ile yangu ya kurasa kumi na mbili, kama bado iko kwenye boksi la stoo, nitakuja kuichukua mwenyewe.